Sura ya Sita: Kilima Chekundu, Kivuli cha Buluu

Kilima cha shaba hujitambulisha kwa kukosa miti. Ukiwa njiani kutoka Fungurume kwenda Kolwezi, msitu wa miombo hukusindikiza pande zote mbili, kisha hutokea kilima kilichobaki na nyasi peke yake. Udongo wake umejaa shaba, na miti mingi haiwezi kuistahimili. Inayoweza ni mimea michache iliyozoea ukali huo, kama Haumaniastrum katangense, ambayo wataalamu wa mimea huiita ua la shaba. Wafua shaba wa kale, na baada yao watafuta madini wa enzi ya Wabelgiji, walivisoma vilima hivi kwa macho kabla ya kuinua sururu.

Mchoraji naye husoma kwa macho. Sura hii inafundisha kuchora mandhari kwa tabaka za rangi na kwa mipigo ya brashi inayoachwa ionekane bila kulainishwa. Nimechagua kuifundishia Kolwezi kwa sababu mbili. Kwanza, ardhi ya Kolwezi imepangwa kwa rangi zinazoshindana na kuchocheana, na mbinu hii ilizaliwa kwa ajili ya kazi hiyo hasa. Pili, Katanga ina urithi wake wa mkono unaoonekana juu ya turubai. Kijana wa mkoa wa Lualaba anayeshika brashi leo asidhani kwamba kila kitu anakiomba Paris.

Rangi ambazo ardhi imekwisha kuzipanga

Kolwezi imekaa kwenye uwanda ulio zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mji ulikua kwa kazi ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, na tangu mwaka 1967 migodi yake ikawa mikononi mwa shirika la taifa, Gécamines, kabla ya makampuni ya nje kuingia tena. Mashimo ya madini hayako mbali na nyumba za watu. Musonoi, Kamoto, Mashamba na Mutoshi ni majina ya migodi, na pia ni sehemu ya mazungumzo ya kila siku ya mji.

Tafuta mahali panaporuhusiwa kusimama, penye ukingo wa shimo la wazi mbele yako, utazame polepole kuanzia juu kushuka chini. Juu kabisa kuna udongo mwekundu ulioiva kwa kutu ya chuma. Chini yake mwamba unapauka: manjano ya oka, waridi iliyofifia, kijivu. Katikati ya mwamba hupita mistari ya malakiti, madini ya shaba yenye rangi ya kijani, yale yale ambayo mafundi wa Katanga huyachonga kuwa mikufu na visanduku. Kwingine unaona heterojeniti, madini ya kobalti, meusi lakini yenye ubuluu ndani yake jua likiyapiga.

Mwaka 1839 mkemia Mfaransa Michel-Eugène Chevreul, aliyesimamia rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, alichapisha kitabu kikubwa juu ya jinsi rangi mbili zinavyobadilishana zikiwekwa jirani. Nyekundu ikikaa kando ya kijani, zote mbili huwaka zaidi kuliko kila moja ikiwa peke yake. Ndivyo zilivyo pia buluu na machungwa, manjano na zambarau. Wachoraji wa Ufaransa walijifunza kanuni hiyo na kuitafutia mahali: maua mekundu katika shamba la majani, mashua ya machungwa juu ya maji ya buluu. Mchoraji wa Kolwezi anaikuta tayari ardhini. Laterito, yaani ule udongo mwekundu, na malakiti ya kijani ni jozi ile ile ya Chevreul, nayo ilikuwa mwambani kabla hajazaliwa mtu wa kuiandikia kanuni.

Majira nayo huongeza kazi. Katika kiangazi nyasi huchomwa, na moshi pamoja na vumbi la barabara hutanda mpaka upeo wa macho unakuwa zambarau ya kupauka. Kuelekea mwisho wa kiangazi, mvua bado haijanyesha, miombo huchipua majani machanga mekundu na ya rangi ya shaba, kisha baadaye hugeuka kijani. Mgeni akiuona mlima mwekundu mwezi wa Septemba atadhani miti inakauka, kumbe inaanza mwaka wake. Masika yakifika, hewa husafika, mawingu hupanda juu sana, na mashimo yaliyoachwa hujaa maji ya kijani na feruzi. Kaskazini ya mji liko ziwa Nzilo, bwawa la umeme kwenye mto Lualaba, ambalo hulichukua anga lote na kulilaza chini. Ardhi ni ile ile, lakini mandhari hubadilika kila baada ya wiki chache.

Kobalti juu ya turubai za Ufaransa

Watu wengi wa Lualaba wanajua kwamba kobalti inakwenda kwenye betri za simu na magari, na kwamba Kongo inachimba zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ya dunia. Wachache wameambiwa kwamba chuma hicho kiliwahi kubadilisha historia ya uchoraji.

Mwaka 1802 Louis-Jacques Thénard, mkemia wa Paris, alitengeneza buluu safi na imara kwa kuchoma pamoja kobalti na alumina. Karibu mwaka 1860 ikaingia sokoni buluu nyingine ya kobalti, nyepesi yenye ukijani kidogo, iitwayo seruleani. Kabla ya hapo Mmarekani John Goffe Rand alikuwa amevumbua, mwaka 1841, mrija wa bati wa kufungia rangi ya mafuta. Sasa mchoraji aliweza kubeba rangi zilizokwisha kusagwa, akatoka nyumbani, akakaa shambani mbele ya kitu anachokichora.

Vitu hivyo viwili, buluu mpya na mrija, vilisaidia kuzaa kizazi cha Waimpreshonisti. Claude Monet alichora jua likichomoza kwenye bandari ya Le Havre mwaka 1872, na picha hiyo ilipoonyeshwa Paris mwaka 1874 ndiyo iliyokipa kizazi hicho jina lake. Wataalamu wa makumbusho ya National Gallery, London, wamechunguza picha yake ya mwaka 1877 ya stesheni ya Saint-Lazare. Weusi wa paa na wa treni kwa sehemu kubwa haukutoka kwenye rangi nyeusi. Umechanganywa kutokana na buluu ya kobalti, seruleani, ultramarini, nyekundu na kijani. Renoir naye, katika picha ya miavuli aliyoianza karibu mwaka 1881, alitumia buluu ya kobalti kwa sehemu ya kwanza ya kazi yake.

Kobalti ya rangi hizo haikutoka Katanga, kwani uchimbaji mkubwa wa kwetu ulianza katika karne ya 20. Lakini funzo lililobaki ni letu pia. Watu hawa hawakuchora maua na bustani tu. Armand Guillaumin alichora mwaka 1873 machweo ya Ivry, ng'ambo ya maji kukiwa na mabomba ya viwanda yanayotoa moshi. Pissarro alichora kiwanda cha Pontoise mwaka huo huo. Waliuona moshi kuwa mwanga uliopata mwili, wakauchora kwa heshima ile ile waliyoyapa maua ya bustanini. Mtu anayesema kwamba Kolwezi imeharibiwa mno kwa machimbo hata haiwezi kuchorwa, hajawatazama wachoraji hao.

Mkono wa Katanga

Tuje nyumbani sasa. Mwaka 1926 mtumishi wa serikali ya Kibelgiji, Georges Thiry, aliona kuta za nyumba zilizochorwa huko Bukama, mji ulio kando ya mto Lualaba upande wa kaskazini ya Kolwezi. Mchoraji aliitwa Albert Lubaki. Thiry alimpa karatasi na rangi za maji, na mke wake Antoinette Lubaki akachora pia. Mwaka 1929 kazi za Lubaki zilionyeshwa Brussels. Basi mto huu ulikuwa na wachoraji wa rangi kwenye karatasi karibu miaka 100 iliyopita.

Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, alifungua karakana ya uchoraji Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Iliitwa Le Hangar. Aliwakataza wanafunzi wake kuiga picha za Ulaya, akawataka watazame nchi yao na kila mmoja atafute alama yake. Matokeo yake ni hazina kwa yeyote anayejifunza mpigo wa brashi.

Bela Sara, aliyetoka upande wa Chad, aliacha brashi kabisa. Alichora kwa ncha za vidole, tone juu ya tone, hata nyasi, wanyama na wawindaji wakatokea ndani ya mvua ya alama. Pilipili Mulongoy, aliyezaliwa mwaka 1914 na kufariki mwaka 2007, aliijaza nafasi iliyo nyuma ya ndege na samaki wake kwa nukta na vistari vidogo vilivyopangwa kwa subira kubwa. Mwenze Kibwanga, aliyeishi kuanzia 1925 hadi 1999, alijenga umbo zima kwa mistari mifupi inayokwenda sambamba, ya rangi za udongo, kama ukili unavyopishana katika mkeka. Katika picha ya Mwenze huoni mstari wa kuzungushia mwili. Mwili unajulikana kwa sababu mipigo imegeuka upande.

Hawa hawakuwa Waimpreshonisti, na si haki kuwabandika jina hilo. Monet alitafuta mwanga wa saa fulani, ilhali Mwenze alitafuta mdundo. Lakini wote waliamini kwamba alama ya mkono ni sehemu ya picha na haina haja ya kufichwa. Karakana ya Romain-Desfossés, baada ya kifo chake mwaka 1954, iliunganishwa na chuo cha sanaa kilichoanzishwa Elisabethville na Laurent Moonens mwaka 1951.

Kisha wakaja wachoraji wa mitaani wa miaka ya 1970, nchi ikiitwa Zaire na Katanga ikiitwa Shaba. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora historia nzima ya nchi yake katika picha zaidi ya 100, akamweleza kwa Kiswahili mwanaanthropolojia Johannes Fabian maana ya kila moja. Alichora juu ya vitambaa vya mifuko ya unga. Ukosefu wa duka la vifaa vya sanaa haukumzuia, na wewe usikuzuie.

Tabaka kwa tabaka

Sasa shika kazi. Tandaza kitambaa cha pamba, hata cha mfuko wa unga, juu ya fremu ya mbao, ukivute mpaka kisikike kama ngoma. Kipake rangi nyeupe ya maji mara mbili, kila mara ukiacha ikauke. Tabaka hilo jeupe ni la lazima kama utatumia rangi za mafuta, kwa sababu mafuta ya kitani yakigusa kitambaa moja kwa moja hukiozesha.

Tabaka la kwanza la rangi liwe jekundu. Chukua siena iliyochomwa, rangi ya kahawia yenye wekundu, uifanye nyepesi, ufunike turubai lote. Nyekundu hiyo ndiyo ardhi ya Kolwezi, nayo itachungulia kati ya mipigo yote itakayofuata, hata ile ya anga. Ndiyo itakayoifunga picha iwe kitu kimoja. Anayeanza juu ya nyeupe tupu hupoteza nusu ya siku akipigana na weupe huo.

Tabaka la pili ni la vipande vikubwa. Fumba macho nusu, utaona kwamba mandhari yote ni sehemu tatu au nne: anga, kilima cha mbali, ukuta wa shimo, ardhi ya mbele. Zipake kwa brashi pana na rangi nyepesi, bila mti, bila mtu, bila gari. Amua kwanza nini ni cheusi zaidi na nini ni cheupe zaidi. Kosa la tabaka hili haliponywi na uzuri wa tabaka la mwisho.

Tabaka la tatu ndilo roho ya mbinu. Weka rangi kando ya rangi, usizichanganye juu ya turubai. Ukitaka kilima cha mbali, weka mpigo wa buluu ya kobalti iliyotiwa nyeupe, pembeni yake zambarau ya kupauka, pembeni yake waridi. Ukirudi nyuma hatua kadhaa, jicho litazichanganya lenyewe na kilima kitatetemeka kwa joto. Ukizikoroga pamoja utapata kijivu kilichokufa. Mpigo ufuate kitu chenyewe: ngazi za shimo ulale nao, kilima cha kifusi uteremke nao kwa mshazari, maji ya Nzilo uyanyooshe, anga ulikatize kwa mipigo mifupi ya pande zote, na kichuguu ukipandishe kutoka chini kwenda juu.

Kivuli usikitie rangi nyeusi ya mrija. Kivuli kilicho juu ya udongo mwekundu chini ya anga safi hupokea buluu ya anga, kwa hiyo huwa zambarau iliyokolea. Hata heterojeniti ichore kwa ultramarini na siena iliyochomwa, zikizidiana kidogo huku na huku. Weusi huo una uhai, kwa sababu jicho linahisi rangi mbili zikisukumana ndani yake.

Tabaka la nne ni la mwanga, na hapa rangi iwe nene. Kwa brashi iliyojaa au kwa kisu cha rangi, weka nuru ya mwisho: ukingo wa ngazi uliopigwa na jua, bati la nyumba, nguo ya mpita njia. Mipigo ya malakiti iwe ya mwisho, tena michache. Mipigo mitano ya kijani katika ukuta mwekundu inatosha kuuwasha wote, ilhali 50 itauzima.

Ukitumia rangi za mafuta, tabaka za chini ziwe na tapentaini zaidi na za juu ziwe na mafuta zaidi. Tabaka lenye mafuta machache hukauka mapema. Ukilipaka juu ya lenye mafuta mengi litapasuka, kwa kuwa la chini bado linajongea. Akriliki hukauka kwa dakika, kwa hiyo tabaka zote zinaweza kupandana siku moja. Kiangazini ukumbuke vumbi: turubai la mafuta lililoachwa kando ya barabara ya malori litakusanya barabara yote.

Fikiria pia saa. Kolwezi iko karibu nyuzi 11 kusini ya ikweta, na hapo jua hupanda na kushuka karibu wima. Mwanga wa mshazari ambao Monet aliufurahia kwa muda mrefu katika mafungu yake ya nyasi ya mwaka 1890 na 1891, kwetu haudumu. Ndiyo maana turubai jekundu liwe tayari tangu jana. Chora saa hiyo tu, funga, urudi kesho saa ile ile mahali pale pale. Ukitaka kuchora mchana, chukua turubai jingine, kwani hiyo ni mandhari nyingine.

Jambo moja la afya. Wapo wanaoshawishika kusaga mawe ya Kolwezi wapate rangi yao wenyewe. Usisage heterojeniti wala malakiti: vumbi la kobalti hudhuru mapafu, shaba ni sumu ikimezwa, na baadhi ya mawe ya eneo hili, hasa ya Musonoi, yana urani. Udongo mwekundu wa kichuguu kilicho mbali na migodi ni salama zaidi. Uoshe, uchuje kwa kitambaa, uache utuame, uukaushe, kisha uukande na mafuta ya kitani. Utapata nyekundu isiyouzwa duka lolote.

Picha iliyo ukutani

Msanii Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, kati ya miaka ya 2009 na 2011 alipiga picha za wachimbaji wa mikono na kambi zao Kolwezi. Kando ya picha hizo aliweka mabango ya bei nafuu yaliyochapishwa China, yanayouzwa huku kwetu: maporomoko ya maji, bustani za kijani, majumba yenye maua. Ukizitazama pamoja unaelewa jambo zito. Watu wanaoishi juu ya ardhi yenye rangi nyingi kuliko bustani yoyote ile, hutundika ukutani mandhari ya mahali wasipopajua.

Hata picha za kale za nchi hii zilichorwa kwa jicho la wageni. Msafara wa Charles Lemaire uliopita Katanga kati ya 1898 na 1900 ulikuwa na mchoraji wake, Léon Dardenne, na kazi zake za rangi za maji zimehifadhiwa Tervuren, Ubelgiji. Ni nzuri na ni ushahidi. Baloji alikwenda huko pamoja na mwandishi Patrick Mudekereza, akazifanyia kazi upya, na maonyesho yao yalifunguliwa mwaka 2011. Lakini mjukuu wa Kolwezi asilazimike kupanda ndege ili aone kilima cha babu yake kilivyokuwa.

Vilima hivi vinaondoka. Kilima cha shaba kikichimbwa hakirudi, na ua lake huondoka nacho. Mwaka 2014 wakazi wa mtaa wa Kasulo walianza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, na sura ya mtaa ikabadilika mbele ya macho yao. Kamera itahifadhi umbo. Picha iliyochorwa kwa tabaka huhifadhi pia muda ambao mtu alikaa akitazama, kwani kila mpigo unaonyesha uamuzi wake.

Kwa hiyo, wewe unayesoma ukiwa Kolwezi, Fungurume, Lubudi au Dilolo, chagua kilima kimoja unachokipenda, ukichore kiangazi, ukichore wakati miombo inachipua, ukichore masika. Nyuma ya kila turubai andika jina la kilima, mwezi na mwaka. Kisha ulitundike nyumbani kwako, mahali pale ambapo sasa pana maporomoko ya nchi nyingine.